Shajara ya mradi: kuitambua seli kwa kazi zake

Shajara hii ni ya klabu ya sayansi ya shule yetu ya kata, Ilemela, Mwanza. Ninaiandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa baiolojia wenye hadubini moja, darasa la wanafunzi sitini na bajeti ya kuungaunga. Bei ni zile tulizolipa sisi. Hatua zilizokwenda vizuri nimezifupisha, na zile zilizotusumbua nimezipa nafasi yake.

10 Februari 2024: Hadubini na lengo

Tatizo lililotuanzisha ni hili. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuchora seli ya mmea na kuandika majina yote, lakini ukimuuliza amejuaje kwamba utando wa seli, ile ngozi nyembamba mno inayoizunguka seli, upo, hana jibu. Anaujua mstari kwenye kitabu. Kwa hiyo tumejiwekea sharti: kila sehemu ya seli tunayoitaja, aidha tuione kwa macho, au tuoneshe kazi yake kwa jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulirudia.

Hadubini tuliyo nayo inakuza mara 40, 100 na 400. Ilikaa kabatini miaka mingi, na lenzi ya kukuza mara 400 ilikuwa imeota ukungu ndani, nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Kufuta kwa nje hakusaidii, kwa sababu ukungu uko kati ya vioo. Fundi wa kamera mjini aliifungua na kuisafisha kwa shilingi 45,000. Alama zimebaki pembeni mwa kioo, ila katikati pako safi. Sasa hadubini tunaihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na mchele mkavu uliokaangwa kidogo na kufungwa kwenye kitambaa. Mchele tunaubadilisha kila mwezi. Unyevu wa ziwani hauna huruma na vioo.

Kioo cha kuakisi mwanga kilikuwa kimepotea. Tumeweka tochi ndogo ya LED chini ya jukwaa na kufunika mdomo wake kwa karatasi nyembamba ya kuchorea ramani ili mwanga utawanyike. Tochi na betri ni shilingi 5,000. Msijaribu kuelekeza kioo kwenye jua lenyewe: lenzi hukusanya mwanga na jicho linaweza kuharibika.

Slaidi boksi moja 10,000, vifuniko vya kioo 6,000, iodini ya duka la dawa 2,000, nyembe 1,000.

24 Februari: Kitunguu, na kipimo cha ukubwa

Ngozi ya ndani ya kitunguu maji ndiyo inayotumika kila mahali, kwa sababu ni tabaka moja tu la seli. Slaidi za mwanzo zilijaa miduara myeusi yenye kingo nene, na wanafunzi kadhaa waliichora kwa uangalifu mkubwa kama viini, sehemu inayobeba maelekezo ya seli. Ilikuwa mapovu ya hewa. Dawa yake: kipande kisizidi nusu sentimita, kilowe maji kabla hakijakauka, na kifuniko kishushwe kwa upande mmoja kwanza, polepole, kwa ncha ya sindano. Pia punguza mwanga. Mwanga mkali huifuta seli isiyo na rangi, na kidhibiti mwanga kilicho chini ya jukwaa kina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tone la iodini likipitishwa chini ya kifuniko (weka tone upande mmoja, vuta kwa karatasi ya chooni upande wa pili), kiini huonekana cha manjano iliyokoza, kimesukumwa ukutani mwa seli. Ndicho alichokiona Robert Brown katika seli za maua ya okidi mwaka 1831 na kukipa jina linalotumika hadi leo.

Jambo ambalo nawasihi msiliruke ni kupima. Tuliweka rula ya plastiki angavu chini ya lenzi ya mara 40, na duara la mwanga likawa na upana wa milimita 4.5. Kwa mara 400 upana huo hugawanywa kwa kumi: milimita 0.45. Kuanzia hapo kila kitu kina ukubwa. Seli nyingi za kitunguu chetu zilikaribia milimita 0.3 kwa urefu, na kiini kilikuwa karibu mikromita 15 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Namba hizi tumeziandika ukutani, maana tutazihitaji mwishoni.

16 Machi: Seli za shavu

Kila mwanafunzi alikwangua ndani ya shavu lake mwenyewe kwa kijiti kipya cha pamba na kushika slaidi yake mwenyewe. Vijiti vilitupwa kwenye maji yenye klorini. Rangi ni methilini bluu, shilingi 18,000 kwa chupa ya unga ambayo itatutosha miaka. Changanya kidogo mno, gramu 0.1 kwa mililita 100 za maji. Slaidi iliyotiwa rangi nzito huwa bluu tupu na haisomeki.

Hapa hakuna ukuta wa seli, hakuna vakuoli kubwa (mfuko wa maji ulio ndani ya seli ya mmea), umbo linajikunja. Kiini kiko katikati. Msichana mmoja aliuliza kama kuna seli inayoishi bila kiini. Ipo, na anayo yeye mwenyewe: seli nyekundu ya damu ya binadamu hukitoa kiini chake inapokomaa. Kwa kukikosa, haiwezi kutengeneza protini mpya za kujikarabati, nayo hudumu siku 120 hivi tu. Damu hatukuichukua, na sishauri mtu aichukue darasani. Maelezo yalitosha, kwa sababu swali lilikwishakuwa la kazi ya kiini na si la umbo lake.

13 Aprili: Mmea wa majini na kloroplasti zinazotembea

Kwa kloroplasti, sehemu za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga, tulihitaji jani jembamba ambalo halihitaji kukatwa. Hydrilla, gugu linaloishi chini ya maji, lina jani la tabaka mbili tu za seli. Unalilaza zima kwenye slaidi.

Kwanza usalama, kwa sababu haya ni maji ya Ziwa Victoria na kichocho kipo. Hakuna mwanafunzi aliyeingia majini. Mzee mmoja mvuvi alitutolea magugu yaliyonasa kwenye nyavu zake. Tuliyapokea kwa glovu (boksi 15,000), tukayasuuza na kutoa kila konokono, kisha tukayaweka kwenye ndoo ya maji ya bomba yaliyokaa usiku kucha ili klorini ipungue. Lava wa kichocho wanaotoka kwa konokono hawaishi majini zaidi ya siku mbili hivi bila kumpata binadamu, kwa hiyo ndoo ilikaa siku tatu bila kuguswa. Konokono ndiye wa kutafutwa kwa makini: akibaki mmoja ndani ya ndoo, anaendelea kutoa lava wapya na kusubiri kwenu hakuna maana.

Kloroplasti zilionekana mara moja, vidonge vya kijani vya mikromita 5 hivi, bila rangi yoyote ya kuongeza. Lakini zilikuwa zimesimama. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi mwendo, nao wakakaa zamu kwa zamu kwenye lenzi bila kuona kitu. Tulibadilisha jani, tukabadilisha maji, hali ikawa ileile.

Sababu zilikuwa mbili. Ndoo ilikuwa stoo, gizani na kwenye ubaridi wa sakafu. Na majani tuliyochagua yalikuwa makubwa ya chini, mengine yamekwisha kuchoka. Siku iliyofuata tuliiweka ndoo dirishani asubuhi yote, tukachukua majani machanga ya karibu na ncha, na tukatazama seli ndefu za karibu na mshipa wa kati. Mwendo ulianza: kloroplasti zinafuatana kandokando ya ukuta, zinageuka pembeni, zinarudi upande wa pili. Darasa lilinyamaza.

Kloroplasti hazijiendeshi. Kinachosogea ni saitoplazimu yote, ule ute ulio ndani ya seli, nazo zimebebwa humo. Ndani ya saitoplazimu kuna nyuzi za protini iitwayo aktini, na protini nyingine, miosini, hutembea juu ya nyuzi hizo kwa kutumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, huku ikikokota mizigo. Nyuzi hizo zina unene wa nanomita 7 hivi (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), hatuwezi kuziona kamwe kwa hadubini hii. Ila tumeiona kazi yake, na tuliweza hata kuisimamisha: tone la maji ya barafu chini ya kifuniko lilipunguza mwendo, na jani lililochovywa kwenye maji ya moto halikuonesha mwendo tena.

4 Mei: Kuupata utando usioonekana

Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote ya mradi, na ndilo lililoharibika zaidi.

Utando wa seli una unene wa nanomita 7 hadi 8. Hadubini ya mwanga, hata iliyo bora kabisa, haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya nanomita 200 hivi. Mpaka huo unatokana na mwanga wenyewe, na mwanafizikia Ernst Abbe alikwisha kuueleza mwaka 1873. Kwa hiyo mstari ambao mwanafunzi huuonesha kwenye kitunguu na kuuita utando ni ukuta wa seli.

Tulitumia lile ua la bustani lenye majani ya kijani juu na zambarau chini, Tradescantia, ambalo limepandwa kwenye nyua nyingi hapa mjini. Rangi ya zambarau imeyeyuka ndani ya vakuoli, kwa hiyo vakuoli inajionesha yenyewe. Menya ngozi ya upande wa chini: kunja jani hadi livunjike, kisha vuta polepole.

Tulitia maji ya chumvi. Tulianza na kijiko cha chai katika nusu glasi ya maji, kwa sababu ndicho kipimo kilichoko kwenye madaftari ya zamani ya maabara yetu. Zambarau ilijikunja haraka, wanafunzi wakafurahi. Tulipolirudisha jani kwenye maji safi ili seli zijae tena, hazikujaa. Nyingine zilipasuka na rangi ikasambaa kwenye slaidi nzima. Tulirudia kwa ngozi mpya, matokeo yakawa yaleyale. Chumvi ile ilikuwa kali kiasi cha kuzidhuru seli, na seli iliyokufa haina utando unaofanya kazi. Jaribio lililokusudiwa kuonesha utando ulio hai lilikuwa linauua kwanza.

Kipimo kilichofanya kazi: gramu 2 za chumvi katika mililita 100 za maji, tumepima kwa mizani ya maabara. Zambarau hujiondoa ukutani taratibu kwa dakika chache. Usiiache zaidi ya hapo, rudisha maji safi mara tu unapoona pengo, na vakuoli itajaa tena mpaka kugusa kuta. Tuliifanya seli ileile ijikunje na kujaa, na mwanafunzi mmoja akairekodi kwa simu iliyofungwa kwenye lenzi ya jicho kwa raba.

Kisha nikauliza: kwenye lile pengo kati ya ukuta na zambarau, kuna nini? Wengi walijibu hewa, au hakuna kitu. Jibu ni maji ya chumvi. Ukuta ni wa selulosi, una matundu, chumvi na maji hupita. Kinachoizuia chumvi isiingie ndani, huku kikiruhusu maji kutoka, lazima kiwe kwenye ukingo wa ile zambarau iliyojikunja, au nje yake kidogo. Hapo ndipo ulipo utando. Hatujauona, lakini tumeonesha kwa kidole mahali ulipo, na tumeonesha kwamba unachagua. (Kwa usahihi kuna tando mbili hapo, wa vakuoli na wa seli nzima, na saitoplazimu nyembamba katikati yake. Kidato cha tano waambiwe.)

Kazi ya vakuoli nayo ilionekana palepale. Ikijaa maji huusukuma ukuta kwa ndani, kama mpira wa baiskeli unavyolibana tairi, na ndiyo sababu mchicha uliomwagiwa maji husimama. Wanafunzi walikumbuka wenyewe kachumbari: ukitia chumvi mapema, vitunguu vinalegea na bakuli linajaa maji.

25 Mei: Ndizi, nyanya, pilipili

Hatua rahisi, ya gharama ndogo, na ningeipa kila shule. Chota kwa ncha ya kijiti nyama ya ndizi mbichi, isambaze kwenye slaidi, tia iodini. Seli zimejaa punje za wanga zinazogeuka bluu nyeusi. Fanya vivyo hivyo kwa ndizi iliyoiva sana: punje ni chache mno, nyingi zimetoweka. Wanga umevunjwa na vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, kuwa sukari, na ulimi unathibitisha. Punje hizo hutunzwa ndani ya plastidi, ndugu wa kloroplasti wasio na rangi.

Kwenye ngozi ya pilipili hoho nyekundu na nyanya, plastidi za aina nyingine zina rangi ya machungwa na nyekundu. Tulipanga mfululizo kutoka hoho la kijani hadi jekundu lililokomaa, na kwenye lile la katikati tulikuta seli zenye vidonge vya kijani na vya machungwa pamoja. Kloroplasti hubadilika kuwa hifadhi ya rangi tunda linapoiva. Pilipili zote, ndizi na nyanya pamoja na chumvi ya mwezi huu: shilingi 4,500. Shida moja tu: iodini nyingi huchafua kila kitu rangi ya kahawia. Tone dogo, kisha vuta iliyozidi.

6 Julai: Mitokondria, na hamira

Baada ya likizo tulirudi na lengo gumu. Mitokondria, sehemu ya seli inayotoa nishati kwa kutumia oksijeni, ina upana wa nusu mikromita hadi mikromita moja, iko juu kidogo ya mpaka wa hadubini ya mwanga. Rangi inayotumika kuionesha ikiwa hai, Janus green, hatukuipata kwa bei tunayoiweza. Tulijaribu kitunguu hai bila rangi, mwanga mdogo, mara 400. Kwenye nyuzi za saitoplazimu kuna chembe ndogo zinazokimbia. Wanafunzi walitaka tuandike kwamba tumeiona mitokondria. Hatukuandika, kwa sababu matone ya mafuta ndani ya seli yana ukubwa unaokaribiana nayo na yanakimbia vilevile, na bila rangi hatuna namna ya kuyatenganisha. Tumeandika "chembe zinazosogea", basi.

Tukahamia kwenye kazi. Hamira ni seli hai zenye mitokondria. Hamira kijiko kimoja, sukari kijiko kimoja, maji ya uvuguvugu, na matone machache ya methilini bluu kwenye bomba la majaribio lililojazwa karibu na mdomo. Seli zikivunja sukari hutoa elektroni, methilini bluu huzipokea na kupoteza rangi. Kama bomba linafanya kazi, rangi inafifia kuwa maziwa, isipokuwa tabaka jembamba la juu linalogusa hewa. Ukitikisa, oksijeni inaingia na bluu inarudi.

Kundi la kwanza lilibaki bluu saa nzima. Maji yalikuwa yametoka kwenye chupa ya chai, ya moto mno, na hamira ilikufa. Tumeliweka bomba hilo kama la kulinganishia na sasa tunalitengeneza kwa makusudi kila mara. Kipimo chetu: maji ambayo kifundo cha mkono kinayavumilia bila shida, au nyuzijoto 35 hadi 40 kama mna kipimajoto.

Naomba walimu wenzangu tuwe makini na maana ya jaribio hili. Linaonesha kwamba seli hai inatoa elektroni kwenye sukari na seli iliyokufa haitoi. Halithibitishi mitokondria peke yake, kwa sababu hatua za mwanzo za kuvunja sukari hufanyika kwenye saitoplazimu. Hata lile povu linaloumua mandazi kwenye donge lisilo na hewa ya kutosha ni la uchachu, kazi ya saitoplazimu, wala si ya mitokondria. Nimeona povu hilo likifundishwa kama ushahidi wa mitokondria, na mwanafunzi akibeba kosa hilo hadi chuo. Mitokondria huingia pale oksijeni ilipo, huchukua mabaki ya sukari iliyovunjwa nusu na kuyamaliza, na hapo ndipo ATP nyingi hupatikana. Hamira na sukari: 2,500.

27 Julai: Ini, povu, na jokofu la de Duve

Ini la ng'ombe robo kilo, shilingi 3,000. Haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, chupa mbili kwa 3,000. Seli za ini zina vifuko vidogo viitwavyo peroksisomu, vyenye kimeng'enya cha katalesi kinachovunja haidrojeni peroksaidi, ambayo ni sumu, kuwa maji na oksijeni.

Chupa ya kwanza haikutoa povu lolote la maana. Ilikuwa imefunguliwa siku nyingi na kukaa dirishani. Mwanga na joto huivunja yenyewe polepole, unabaki na maji. Chupa mpya, iliyotunzwa gizani, ilitoa povu papo hapo. Kijiti chenye kaa kiliwaka tena kilipoingizwa ndani ya povu, kwa hiyo gesi ni oksijeni. Ini lililochemshwa halikutoa kitu. Vaeni miwani, na tumieni mililita chache tu kwenye bomba refu, la sivyo linafurika.

Kipande kizima kilitoa povu polepole, na kilichopondwa kwa mchanga kilitoa povu kwa kasi kubwa. Sababu moja ni kwamba eneo linaloguswa limeongezeka. Nyingine ni kwamba tando zimepasuka na kimeng'enya kimetoka. Hapa niliwasimulia wanafunzi habari za Christian de Duve, aliyekuwa akifanya kazi chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kundi lake lilipima kimeng'enya kimoja katika ini la panya lililosagwa kwa upole, wakapata kiasi kidogo kuliko walivyotarajia. Sampuli ilikaa kwenye jokofu siku kadhaa. Walipoipima tena, kimeng'enya kilikuwa kimeongezeka sana. Hakikuzaliwa humo jokofuni: kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko, na tando za vifuko zilidhoofika zikakiachia. Mwaka 1955 alivipa vifuko hivyo jina la lisosomu, na peroksisomu ni kazi ya maabara yake vilevile. Lisosomu ilijulikana kwa hesabu za kimeng'enya kabla hadubini ya elektroni haijaionesha. De Duve alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na George Palade.

Kinyume chake ni Camillo Golgi. Mwaka 1898 aliona kwa macho, kwenye seli za neva za bundi, wavu mweusi, ambao leo unabeba jina lake, uliotokea baada ya kutia dawa ya fedha. Kwa miongo mingi wataalamu wengine walisema wavu ule umetengenezwa na dawa yenyewe, na ubishi ulikwisha hadubini ya elektroni ilipokuja katikati ya karne ya 20. Golgi alikuwa sahihi, lakini kuona peke yake hakukutosha kuwashawishi wenzake. Wanafunzi waliikumbuka ile miduara ya hewa ya Februari.

17 Agosti: Ncha za mizizi

Tulitaka kuona kromosomu, nyuzi za kiini zinazobeba urithi. Vitunguu maji vya sokoni vilikataa kuota mizizi, vikaoza kwenye glasi. Vitunguu saumu (1,500) viliota ndani ya siku chache. Vyote viwili vina kromosomu 16, kubwa na rahisi kuonekana.

Siki ya jikoni (2,000) haikugandisha seli ipasavyo. Ni dhaifu mno. Mchanganyiko uliofaa ni spiriti sehemu tatu na asidi kali ya asetiki ya maabara sehemu moja (spiriti 7,000). Baada ya hapo, dakika tano kwenye asidi ya haidrokloriki ya moli 1 yenye nyuzijoto 60, suuza, kata milimita 2 za mwisho tu, rangi dakika kumi, funika na ubonyeze kwa kidole gumba bila kuteleza. Asidi inashikwa na mwalimu peke yake. Tulipokadiria joto bila kipimajoto, mizizi iliyeyuka kuwa uji.

Methilini bluu si rangi nzuri kwa kazi hii, inashika kila kitu. Hata hivyo tulipata seli chache ambamo kiini kimepotea na badala yake zipo nyuzi nene zimejipanga katikati, na moja ambayo nyuzi zimekwisha kutengana pande mbili. Kuzihesabu hatukuweza.

7 Septemba: Seli sakafuni, mara 10,000

Sasa zile namba za ukutani. Tulichora seli ya kitunguu kwenye sakafu ya bwalo, kila kitu kikikuzwa mara 10,000 kwa kipimo kilekile. Seli ya milimita 0.3 ikawa na urefu wa mita 3. Kiini, sentimita 15, sahani ndogo. Mitokondria, maharage. Peroksisomu, choroko. Karibu eneo lote lililobaki tuliliachia vakuoli, karatasi ya plastiki ya bluu, na saitoplazimu ikabanwa kuwa utepe mwembamba pembeni. Kloroplasti hatukuweka hata moja: magamba ya ndani ya kitunguu hukua gizani na seli zake hazina.

Jaribio la kwanza lilikwama kwenye ribosomu. Ribosomu, chembe inayotengeneza protini, ina nanomita 25 hivi, kwa hiyo hapa ni robo milimita, na kundi lililopewa kazi hiyo lilikuwa limeandaa kunde. Zilikaribia ukubwa wa mitokondria. Tulizitoa, tukanyunyiza vumbi la chaki. Utando wa seli uligoma zaidi: kwa kipimo hiki unene wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, mstari wa chaki ni mnene mno. Tulitumia unywele mmoja mmoja uliounganishwa kwa gundi, tukauzungushia robo tu ya seli kabla uvumilivu haujaisha, na robo hiyo inatosha.

Kisha tulikata kijiti cha upana wa milimita 2. Ndio mpaka wa Abbe kwa kipimo hiki: nanomita 200 mara 10,000. Kila kilicho chembamba kuliko kijiti hicho hakuna hadubini ya kawaida ya mwanga itakayokitenganisha na jirani yake. Wanafunzi walizunguka seli wakipima. Kiini, kinaonekana. Maharage, kwa shida. Vumbi la chaki na unywele, hapana. Pembeni mwa kila ambacho hatukukitambua kwa macho waliandika kwa chaki jaribio linalotufanya tuseme kipo. Karibu na unywele: "chumvi gramu 2, zambarau". Karibu na choroko: "ini, povu". Karibu na ribosomu palibaki wazi, hatuna jaribio letu bado.

Chaki, maharage, choroko, plastiki na gundi: 6,500. Jumla ya mradi hadi leo ni shilingi 132,000, na zaidi ya theluthi yake ni ukarabati wa ile lenzi moja.

Kinachofuata: tunatafuta rangi ya orsini kwa ajili ya mizizi, na shule ambayo ina Janus green ya kugawana. Sisi tunaweza kutoa methilini bluu.